Dokumentari za Queen, 1987 hadi 2021: Ipi Uitazame Kwanza

Mtu aliyetazama filamu ya kuigiza ya mwaka 2018, Bohemian Rhapsody, ambamo Rami Malek aliigiza nafasi ya Freddie Mercury, hutoka na hamu ya kuijua zaidi bendi ya Queen, lakini hutoka pia na mambo kadhaa yasiyo sahihi. Filamu hiyo inaonyesha bendi ikivunjika kwa sababu mwimbaji wake amekwenda kufanya kazi binafsi, kisha ikiungana upya kwa ajili ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, na inamwonyesha Freddie akiwaeleza wenzake kabla ya tamasha hilo kwamba ana UKIMWI. Mambo hayakwenda hivyo. Queen ilitoa albamu ya The Works mwaka 1984 na kuizungusha katika ziara iliyoishia Japani mwezi Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya Live Aid. Mpiga dramu, Roger Taylor, alikwisha kutoa albamu yake binafsi tangu 1981 bila bendi kutetereka. Na waliokuwa karibu na Freddie wameeleza kwamba majibu ya kipimo aliyapata mwaka 1987.

Jamaa na marafiki waliotazama filamu hiyo wameniuliza mara nyingi watazame nini sasa ili waujue ukweli wenyewe. Jibu si jepesi, kwa kuwa Queen imetengenezewa dokumentari nyingi mno, na nyingi zinatumia picha zilezile za kumbukumbu, kiasi kwamba anayetazama tatu mfululizo bila mpango anaweza kudhani ametazama moja mara tatu. Hata hivyo zinatofautiana sana. Ili kuzitofautisha, mimi huuliza jambo moja kuhusu kila filamu: ilitengenezwa lini, na wakati huo nani alikuwa bado yupo na yu tayari kusema?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa bendi hii. Queen iliundwa London mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1971 John Deacon alipojiunga kama mpiga besi, akiwakuta Freddie Mercury, mwimbaji na mpiga piano, Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa dramu. Wanne hao hawakubadilika kwa miaka 20. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na Deacon alistaafu muziki mwaka 1997, akajitenga na kamera. Kwa hiyo dokumentari yoyote iliyotengenezwa katika karne hii ni simulizi la watu wawili kuhusu watu wanne. May na Taylor ni wasimulizi wazuri, wenye kumbukumbu na wenye ucheshi, lakini ni wawili, na mtazamaji makini hulikumbuka hilo muda wote.

Nianze na ile ninayoipendekeza kwa mtu mwenye jioni moja tu. Days of Our Lives, iliyoongozwa na Matt O'Casey na kuonyeshwa na BBC mwaka 2011 bendi ilipotimiza miaka 40, ina sehemu mbili za takribani saa moja kila moja. Sehemu ya kwanza inashughulikia miaka ya 1970 na ya pili inaendelea hadi kifo cha Freddie na baada yake. Sifa yake kubwa ni mpangilio. Inakwenda mwaka kwa mwaka, albamu kwa albamu, hivyo hata mtu asiyejua wimbo mmoja anaelewa jinsi vijana wanne wenye elimu ya vyuo, mmoja akisomea unajimu wa kisayansi na mwingine elektroniki, walivyofikia kuwa bendi ya viwanja vya mpira. Inaeleza vizuri kipindi cha mwanzo ambacho nyimbo zao zilikuwa zikisikika redioni ilhali wenyewe hawana fedha, kwa sababu ya mkataba wao wa kwanza wa uongozi, na uchungu ule unaeleza kwa nini albamu ya A Night at the Opera ya mwaka 1975 inaanza kwa wimbo wenye hasira kali kiasi kile. Anayejua habari za mikataba ya wanamuziki wetu hapa nyumbani, waliojaza kumbi na kufa maskini, hatahitaji kutafsiriwa sehemu hiyo.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi, na ndiyo yenye udhaifu mkubwa zaidi. Inaeleza kwa uwazi kuporomoka kwa bendi nchini Marekani baada ya albamu ya Hot Space ya mwaka 1982, iliyoegemea muziki wa disko, na baada ya video ya I Want to Break Free ya mwaka 1984, ambamo wote wanne walivaa nguo za kike kwa mzaha. Waingereza waliuelewa mzaha ule. Wamarekani wengi hawakuuelewa, na Freddie hakurudi tena kupiga ziara huko hadi alipofariki. Wakati huohuo Amerika ya Kusini ilikuwa inawapokea kwa namna isiyo ya kawaida: tarehe 20 Machi 1981 walipiga katika uwanja wa Morumbi mjini São Paulo mbele ya watu wapatao 131,000, na picha za umati ule ukiimba kwa Kiingereza ni miongoni mwa sababu za kuitazama filamu hii kwenye televisheni kubwa badala ya simu.

Udhaifu ninaouzungumzia unahusu Sun City. Oktoba 1984 Queen ilikwenda kupiga katika hoteli hiyo ya kitajiri huko Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya makaburu ililiita nchi huru na ulimwengu ukakataa kulitambua, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Dokumentari inaligusa jambo hili na haijifichi, lakini simulizi inabaki upande wa waliokwenda: nia yao, utetezi wao, maumivu yao kwa kulaumiwa. Mwaka huohuo, pale Mazimbu, Morogoro, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia nchi yao walikuwa wakisoma katika shule ya chama cha ANC kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Mtazamaji wa upande huu wa dunia anastahili kulipima jambo hilo kwa mizani yake mwenyewe, na asitarajie filamu ya BBC impimie.

Live Aid inapata nafasi yake, na inaistahili. Tamasha lile liliandaliwa kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Queen walipewa dakika zipatazo 20, wakaamua kutopoteza hata moja kwa maneno, wakapiga vipande vya nyimbo sita zinazojulikana na kila mtu. Filamu ya mwaka 2018 iliigiza onyesho hilo karibu hatua kwa hatua, kwa hiyo walioitazama wataona jambo la ajabu: picha halisi ina nguvu kuliko ile ya kuigiza, ingawa kamera za 1985 zilikuwa duni. Tazama mikono ya umati wakati wa Radio Ga Ga, maelfu kwa maelfu ikipigwa juu ya vichwa kwa mara moja.

Lakini kitu kimoja katika Days of Our Lives kinatosha peke yake kuifanya iwe chaguo la kwanza. Mwezi Mei 1991 bendi ilirekodi video ya wimbo ambao dokumentari imepewa jina lake. Ilikuwa video ya mwisho ya Freddie. Ilitolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe, naye amejipaka vipodozi vizito, amevaa fulana ya vifungo yenye picha za paka wake. Anasimama karibu mahali pamoja, mikono ndiyo inayofanya kazi. Brian May hakuwapo siku ile, alipigwa picha baadaye na kuunganishwa. Watazamaji wa wakati ule waliona mtu aliyekonda, lakini nyeusi na nyeupe ilimpa sitara. Dokumentari ya mwaka 2011 ikatoa vipande vya siku ileile vikiwa na rangi zake, na rangi ikaiondoa sitara ile: ngozi, mashavu, namna anavyosubiri kati ya kupiga picha moja na nyingine akihifadhi nguvu. Kisha anaitazama kamera moja kwa moja na kunong'ona kwamba bado anatupenda. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara huona kwamba alijua vizuri anachokifanya, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa utaratibu.

Waliopiga video ile ni Waaustria wawili, Rudi Dolezal na Hannes Rossacher, na hapo ndipo tunapofika kwenye dokumentari ya pili, ambayo ni yao. The Magic Years ilitoka mwaka 1987 katika kaseti tatu za video. Ikilinganishwa na Days of Our Lives ina kasoro nyingi: haifuati mpangilio wa miaka, inaruka kutoka jukwaa hili hadi lile, inawaleta watu maarufu waisifu bendi, na kwa kuwa ilitengenezwa kwa ridhaa ya bendi yenyewe, hakuna swali gumu linaloulizwa. Anayeanza nayo bila kujua historia atachanganyikiwa. Ugonjwa haumo kabisa, ingawa kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, mwaka ilipotoka ndio mwaka Freddie alipopewa majibu yake.

Pamoja na hayo yote, ina kitu ambacho hakuna fedha inayoweza kukitengeneza tena: wanne wote wako hai na wako pamoja. Dolezal na Rossacher waliingia na kamera katika studio ya Munich mwaka 1985 bendi ilipokuwa ikiutengeneza wimbo wa One Vision, na picha hizo ndizo hazina ya filamu. Hakuna anayekumbuka, hakuna anayesifu marehemu. Wanatunga. Wanabishana juu ya mstari, mmoja anatupa neno, mwingine analikataa, wanapochoka wanaweka maneno ya upuuzi mahali pa maneno ya kweli na kucheka mpaka kazi inasimama. Upuuzi mmoja ulinusurika: anayeusikiliza wimbo ule hadi mwisho atasikia kwamba neno la kuhitimisha wito mzito wa umoja wa wanadamu ni kuku wa kukaanga. Katika dokumentari za baadaye Freddie anaelezwa kuwa alikuwa mcheshi. Hapa unamwona akichekesha. Na Deacon, ambaye katika dokumentari za baadaye ni kivuli, hapa ni mtu anayefanya kazi na wenzake, na mtazamaji anakumbushwa kwamba Another One Bites the Dust, wimbo uliowapa Wamarekani wengi sababu ya kucheza, ulitungwa na huyu mkimya.

Kwa hiyo mizani kati ya hizi mbili iko hivi kwa maoni yangu: ya 2011 inakueleza yaliyotokea, ya 1987 inakuonyesha watu wenyewe. Anayetaka kuelewa aanze na ya 2011. Anayejua historia tayari, na ambaye amechoka kusikia wazee wawili wakimkumbuka rafiki yao, aende kwa ya 1987, avumilie ubora hafifu wa picha na majigambo, na asubiri sehemu za studio.

Sasa nije kwa msomaji wa Unguja na Pemba, na kwa yeyote anayetaka kujua jinsi mtoto aliyezaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara alivyofikia majukwaa yale. Days of Our Lives itamvunja moyo. Inaanza London, kwa kuwa bendi ilianza London, na Zanzibar inapita kama kituo ambacho basi halisimami. Wa kutegemewa hapa ni Dolezal na Rossacher tena, katika The Untold Story ya mwaka 2000. Hii haihusu bendi nzima, inamhusu Freddie peke yake, lakini ndiyo pekee kati ya ninazozilinganisha inayokaa kwa muda wa kutosha katika utoto wake: familia ya Waparsi wafuasi wa Zoroasta, baba yake, Bomi, akiwa mshika fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni, shule ya bweni ya Panchgani nchini India alikopelekwa akiwa mdogo na alikoanza kupiga piano katika bendi ya wanafunzi, kisha kurudi Zanzibar, na hatimaye kuhama na familia kwenda Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Januari.

Ubora wake uko kwa wasemaji. Mama yake, Jer Bulsara, anazungumza, na dada yake, Kashmira, anazungumza. Mama yule alifariki mwaka 2016, kwa hiyo mtu yeyote atakayetengeneza filamu leo kuhusu utoto wa Freddie atalazimika kuazima maneno yake kutoka kwa waliomhoji alipokuwa hai. Sauti yake ni ya mzazi wa kawaida: mtoto alipenda muziki, mtoto alikuwa mpole, hatukujua atafika wapi. Hasemi mengi kuhusu maisha ya mwanawe ya baadaye, na mimi nauheshimu ukimya ule kuliko ufasaha wa watu maarufu wanaomfuata.

Sitaificha kasoro yake. Zanzibar ya filamu hii ni Zanzibar ya kumbukumbu za familia moja iliyoondoka, na mji wenyewe, watu wake wa siku zile, muziki uliokuwa ukisikika mitaani, taarabu na nyimbo za filamu za Kihindi, havichambuliwi kama vinavyochambuliwa vilabu vya Munich na New York. Bado hakuna, kati ya dokumentari zote nilizozitazama, iliyofanya kazi hiyo kwa utulivu. Mtalii anayefika leo Shangani hukuta jumba la makumbusho ya Freddie lililofunguliwa mwaka 2019, na watoto wa mji huulizwa na wageni habari za mtu ambaye wao wenyewe hawajamsikia vya kutosha. The Untold Story inawapa mahali pa kuanzia.

Ya nne ni The Great Pretender ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Rhys Thomas. Mara nyingi huchanganywa na ya mwaka 2000 kwa kuwa zote zinamhusu Freddie, ilhali maeneo yao ni tofauti. Thomas anashughulikia zaidi kazi alizozifanya nje ya Queen: albamu ya Mr. Bad Guy ya mwaka 1985, miaka ya starehe za Munich, na hasa Barcelona, albamu ya mwaka 1988 aliyoirekodi na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania. Hapo ndipo filamu inapopanda. Freddie, ambaye alizoea kuwa mkubwa kuliko kila mtu jukwaani, anamwogopa mama yule kama mwanafunzi anavyomwogopa mwalimu, naye Caballé anampokea kwa upole na ucheshi. Walikusudia wimbo wa Barcelona uhusishwe na Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1992 katika mji huo. Ulisikika wakati wa michezo hiyo, lakini mmoja wao alikuwa amekwishafariki. Anayeipenda sauti ya Freddie kuliko gitaa la Brian May aichague hii. Anayetaka kuijua bendi aiache kwa sasa, maana wenzake watatu ni wapita njia humu.

Kuna moja isiyo ya historia ya bendi nzima ambayo siwezi kuipita, nayo ni ile ya mfululizo wa Classic Albums kuhusu A Night at the Opera. Inashughulikia albamu moja tu. Lakini mwenye sikio la muziki, mwanakwaya, mpiga kinanda wa kanisani au mtayarishaji wa studio ya mtaani, atajifunza humo zaidi ya katika zote nilizozitaja. Brian May anakaa mbele ya meza ya kuchanganyia sauti akiwa na kanda za mwaka 1975. Anashusha kila kitu, kisha anapandisha sauti moja moja za wimbo wa Bohemian Rhapsody: piano ya Freddie peke yake, kisha besi ya Deacon, kisha zile sauti za kuimba. Watu watatu tu, Freddie, May na Taylor, walirekodi juu ya sauti zao wenyewe tena na tena mpaka wakawa kama kwaya ya ukumbi mzima, na zile sauti kali za juu zinazodhaniwa kuwa za mwanamke ni za mpiga dramu. Anaposimamisha kila kitu na kubakisha sauti hizo zikijibizana kwa neno "Bismillah", mtazamaji Mwislamu hushtuka kidogo, na mtazamaji yeyote husikia jinsi kila pumzi ilivyopangwa. Wimbo ule una dakika 5 na sekunde 55, urefu ambao watu wa biashara waliuona hauwezekani kupigwa redioni, nao ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9. Baada ya kuona kanda zile zikifunguliwa, mtu haulizi tena kwa nini.

Ya mwisho kwa tarehe ni The Final Act ya mwaka 2021, iliyoongozwa na James Rogan kwa ajili ya BBC, miaka 30 baada ya kifo. Inashughulikia miaka ya mwisho ya Freddie na tamasha la kumkumbuka lililofanyika katika uwanja wa Wembley tarehe 20 Aprili 1992 mbele ya watu 72,000. Kama kuna filamu hapa iliyotengenezwa na watu waliojiuliza swali jipya, ni hii. Rogan aliwaita wanamuziki waliokuwapo jukwaani, akawaita May na Taylor na Kashmira, lakini akawaita pia watu wa kawaida walioishi na virusi au waliopoteza wapenzi na ndugu katika miaka ile, akazisuka simulizi hizo pamoja. Hivyo mtu anaelewa kwa nini tangazo la Freddie la tarehe 23 Novemba 1991, siku moja kabla ya kufa, lilikuwa zito kiasi kile: magazeti ya Uingereza yalikuwa yamemwinda kwa miezi, na wagonjwa walikuwa wakiogopwa hata kushikwa mkono. Humo anaonekana George Michael akiimba Somebody to Love, na ukijua kwamba baadaye alieleza kuwa siku ile mpenzi wake mwenyewe alikuwa na ugonjwa huohuo na yeye hakuweza kumwambia mtu, onyesho lile linakuwa kitu kingine.

Sisi hatuitazami filamu hii kutoka mbali. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, mwimbaji Philly Lutaaya alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba anaumwa, akazunguka shuleni na makanisani akizungumza hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Yeye pia alitengenezewa dokumentari, Born in Africa. Nimewahi kupendekeza hizi mbili zitazamwe kwa siku mbili zinazofuatana, na bado napendekeza hivyo, kwa kuwa wanamuziki wawili walikabili jambo lilelile, mmoja akiichagua faragha mpaka saa ya mwisho na mwingine akiitoa faragha yake kwa watu wake, na hakuna haki ya kumlaumu yeyote kati yao. Mzazi ajue kwamba The Final Act na The Great Pretender zinazungumzia mapenzi na ugonjwa waziwazi. Kwa kijana wa sekondari sioni tatizo, kwa mtoto mdogo ni bora ile ya Classic Albums.

The Show Must Go On ya mwaka 2019, inayohusu kazi ya May na Taylor pamoja na mwimbaji Mmarekani Adam Lambert, naipita haraka. Imetengenezwa vizuri na Lambert anaonekana kijana mwenye adabu, anayejua kiatu alichovaa si chake. Lakini ni habari ya bendi nyingine yenye jina lilelile. Mwenye bando dogo asiyeweza kumudu filamu ndefu anaweza badala yake kutazama vipande vifupi 50 ambavyo bendi yenyewe ilianza kuvitoa kila wiki kwenye YouTube mwaka 2021. Vina picha nzuri za majukwaani, ingawa havikwaruzi popote panapouma.

Kuhusu lugha, Kiingereza cha May ni cha taratibu na rahisi kufuata, cha Taylor kinakwenda kasi, na wasemaji wa Dolezal na Rossacher wana lafudhi za kila namna. Asiye mwepesi wa Kiingereza ataipata zaidi The Magic Years na ile ya Classic Albums, ambazo masikio na macho hufanya nusu ya kazi, kuliko Days of Our Lives, ambayo bila maneno haisimami.

Mpangilio wangu kwa mtu anayeanza ni huu: jioni ya kwanza Days of Our Lives, sehemu zote mbili bila kukatiza, jioni ya pili The Untold Story, ili Zanzibar irudishwe mahali pake, kisha zipite siku kadhaa za kusikiliza albamu zenyewe, angalau A Night at the Opera ya 1975 na Innuendo ya 1991, kabla ya kufungua The Magic Years. The Final Act iwe ya mwisho. Na zinapoonyeshwa picha za Wembley za mwaka 1992, wakati kila kamera inawafuata wageni maarufu wanaopokezana kipaza sauti, mtafute nyuma yao John Deacon na besi lake, akipiga wimbo baada ya wimbo kwa utulivu. Baada ya siku ile alipanda jukwaani mara chache sana, na hakuna dokumentari hata moja kati ya hizi za karne hii aliyokubali kuketi mbele ya kamera yake.